Mtungi Mmoja wa Maji Matamu

Wiki ya sita sasa mfereji wa Chaani wakohoa hewa tu.
Maji ya kisima yana chumvi; sabuni haitoi povu,
na nguo nyeupe ukiifulia humo
hutoka na rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Ndiyo maana Jumamosi nilimsimamisha Kenga na mkokoteni wake,
nikanunua mtungi mmoja wa maji matamu
kwa shilingi hamsini zilizokuwa chini ya Biblia,
hamsini za mafuta ya taa.

Mwakio alikuwa kizingitini, akinitazama.
Mwezi wa tatu walimpa barua kule yadi ya makontena,
barua fupi, haina hata pole,
na tangu siku hiyo kanisani haendi.
"Watoto wanaoga chumvi," akasema, "wanajikuna usiku kucha,
nawe waosha meza ya Mungu kwa maji ya kununua."

Sikuwa na jibu. Nililitafuta.
Zamu ilikuwa yangu, basi.
Orodha imebandikwa mlangoni pa sakristia,
nayo haikuuliza nani ana kazi, nani hana.

Baada ya dhiki faraja, nimeambiwa.
Padre kasema, mavyaa kasema,
hata mwenye nyumba, alipokuja kudai kodi, kasema.
Hakuna aliyetaja tarehe.

Nami, Bwana, nimekusemesha vibaya siku hizi, wajua.
Jumatano, nikichambua mchele,
nilikuuliza kama nawe umekwama Kibarani
nyuma ya malori.
Sikuomba msamaha. Nilimaliza mchele.

Lakini kitambaa hiki nakijua.
Doa la divai pindoni nililipiga ndimu
mwaka aliozaliwa Mkamburi,
halikutoka lote, limebaki kama kovu la chanjo.
Msalaba aliudarizi marehemu Mama Righa
macho yakiwa yamekwisha kumchoka:
mkono mmoja mfupi kuliko mwenziwe.
Hivyo hivyo tunaupigia magoti.

Mwanasha wa chumba cha tatu akapita, akasimama.
"Wallahi, povu!"
Akarudi na jagi, maji yake ya kupikia,
akayamimina kwenye beseni la kusuuzia.
"Suuza vizuri, jirani. Cha Mungu hakisuuzwi mara moja."

Kitambaa ni kirefu, hakikamuliwi na mtu mmoja.
"Shika," nikamwambia Mwakio.
Akashika ncha. Nikasokota, akasokota,
sote upande mmoja,
kitambaa kikazunguka hewani kama kamba ya kurukia,
kisitoe hata tone.
Tukatazamana juu ya msalaba uliopinda.

Alianza yeye. Kicheko kilimtoka puani kwanza,
kisha tumboni, akachuchumaa, ncha bado mkononi,
machozi yakimtiririka,
na Mkamburi akatoka mbio akidhani baba analia.
Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho,
kina mkwaruzo mwishoni, kama mlango wa kwetu Wundanyi.
Sikukiombea. Kilikuja tu, barua ikiwa bado juu ya kabati.

Maji ya suuzo hatukuyamwaga.
Alimwogesha Mkamburi, kisha Mshila,
taratibu, kwa kikombe, kuanzia utosini,
na yaliyobaki akanawa uso.
Usiku Mshila alijikuna bado. Kidogo.

Hakusema kama kesho atakuja.
Kitambaa kilipokauka
alitia makaa kwenye pasi,
akapuliza.