Jivu Kwenye Magurudumu

Tulipoiuza nyumba ya Wete, Ngwali alisema:
sasa tutakaa pasipo na majirani.
Akanunua ambulensi kuukuu kwenye mnada,
akang'oa machela, akapiga kitanda cha mbao,
mimi nikaweka cherehani
pale ilipokuwa ikining'inia chupa ya dripu.
Shule zikikaribia kufunguliwa tunashona sare,
Konde, Tumbe, Kengeja,
tunalala tulipomalizia kifungo cha mwisho.

Majirani wakaja.

Walianza sisimizi, pale Gando,
mstari mwembamba kama uzi niliousahau,
kutoka tairi ya nyuma, wakapanda kwa waya wa breki
mpaka kwenye kopo la sukari.
Haba na haba, wakamaliza kibaba.
Ngwali akayazungushia magurudumu jivu,
yote manne, kama mtu anayezingua gari.
Usiku mvua ikanyesha.

Mende hawakuja. Mende walikuwamo.
Tuliwarithi pamoja na king'ora kisicholia,
nyuma ya bati, palipobaki harufu ya spiriti,
wazee wazito, wekundu kama tende,
waliosikia watoto wangapi wakizaliwa njiani,
wagonjwa wangapi wakikata roho kabla ya Chake.
Nilichora chaki ya Mchina kila upenyo.
Wakaivuka, sharubu zikicheza,
kama watu wasiojua kusoma.
Nikafukiza makonyo ya karafuu.
Tukakohoa sisi.

Binti yetu Asya akapiga simu kutoka mjini Unguja:
"Mama, huko mnakolala hakuna mbu?"
Nikamsikia anajipiga kofi shavuni.
Sikumjibu.

Kengeja tuliegesha chini ya mkarafuu.
Kosa langu, mimi ndiye niliyetaka kivuli.
Nilianika mashati ya wajukuu wa Bi Mize,
kumi na mawili, meupe,
kamba nikaifunga ncha moja mlangoni, ya pili kwenye tawi.
Maji ya moto hawakubisha hodi.
Saa nane za usiku Ngwali alitoka mbio,
msuli mkononi badala ya kiunoni,
akirukaruka kwenye mwangaza wa taa za gari,
mtu wa miaka sitini na mbili,
na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka
mpaka nikakaa chini.
Nilikaa juu yao.

Asubuhi, tumevimba, hatusemezani,
nikaona juu ya kamba ya nguo
mende mmoja mkubwa, chali,
amebebwa na wengi, polepole,
wanapokezana kama kwenye jeneza la mtu aliyependwa.
Akafuata wa pili. Wa tatu.
Nikamwita Ngwali. Tukasimama tukatazama msiba ukipita
mpaka chai ikapoa.
"Basi tusiikate kamba," alisema.
Tukakaa Kengeja siku tano, kazi ilikuwa ya siku mbili.

Lakini mtu hachoki kutaka raha.
Chake kijana wa dukani akatuuzia dawa,
akasema: fungeni vioo, nendeni mkatembee, rudini magharibi.
Tulirudi. Nikafagia nusu pishi ya maiti:
mende, nondo wa kwenye vitambaa, buibui
ambaye hakuwa amemkosea mtu,
na chenene mmoja, mdogo, mkavu,
aliyekuwa akilia nyuma ya kitanda tangu Gando,
ambaye Ngwali alimtafuta kwa tochi na kwa matusi
usiku baada ya usiku.

Tukalala Makangale. Gari kimya.
Kimya kile cha ambulensi
iliyofika na mtu asiyehitaji tena kukimbizwa.
Ngwali akanigusa bega.
"Unasikia?"
"Nisikie nini?"
"Ndiyo," akasema, akageukia ukutani.

Alfajiri nilipochemsha chai
nilimwaga chembe za sukari dirishani,
nikamwambia zimenimwagika, mikono inatetemeka.
Akanitazama mikono. Hakusema kitu.
Jua lilipopanda akaja mmoja, peke yake,
mweusi, mdogo kuliko tundu la sindano,
akaonja, akazunguka mara mbili,
akageuka, akashuka haraka upande wa tairi.

Nikajua kaenda kuwaita.
Nikaondoa jivu kwa mguu.