Jiwe Chini ya Kiti

Kililetwa Newala mgongoni mwa fuso,
kigari cha viti viwili, kipana, kifupi,
magurudumu nje kana kwamba kitatembea kiubavu.
Watoto wa sokoni wakakiita Kaa,
na jina likashika kuliko lile la kiwandani.

Litunu, dereva wa wapimaji, alitokea kwenye pikipiki.
Pikipiki ukiiegesha mlimani
unatia gia ya kwanza, unazima, unaondoka:
injini inajikaza, inakusubiri.
Miaka kumi na moja alifanya hivyo.
Mkono ukazoea. Mkono hausomi kitabu cha maelekezo.

Kaa hana pedali ya klachi.
Ana mkanda wa mpira na visahani
vinavyoubana kadiri injini inavyozunguka.
Injini ikinguruma, anashika.
Ikinyamaza, anaachia,
na gia uliyoiweka inabaki neno tu,
ahadi ya mtu aliyekwishalala.

Ilikuwa jirani na Shimo la Mungu,
pale uwanda unapokatika ghafla
na Ruvuma iko chini huko, uzi uliodondoka.
Litunu akatia gia, akazima, akashuka kujisaidia.
Nyuma, magunia matatu ya korosho za dada yake,
ambayo kwenye karatasi za kampuni
hayakuwemo.

Hakusikia kitu. Ndilo analolisimulia hadi leo:
hakikupiga kelele.
Kiliondoka kama mgeni wa alfajiri
asiyetaka kuamsha wenyeji.

Kisiki cha mkorosho ndicho kilichokidaka.
Nilipima mwenyewe, mimi Somoe, fundi,
maana wenye kampuni walitaka namba.
Hatua saba kutoka kisikini. Ya nane ni hewa.

Mwaka uliofuata wakaleta Kaa mwingine.
Huyu ana wenzo mwekundu katikati ya viti,
waya mpaka kwenye diski yake pekee.
Klachi nayo wameibadili: ndani mna beringi
inayokubali upande mmoja tu,
hivyo mteremkoni magurudumu yanaivuta injini
na injini inayagomea.
Nilimfungua usiku kucha kwa tochi ya simu.
Hakuwa mbovu. Nilitaka kuona
walimjibuje Litunu
watu ambao hawajawahi kusikia jina lake.

Wamejibu vizuri, sina kinyongo.
Ila waya unapita kona kali chini ya sakafu,
na vumbi la huku, jekundu, laini,
linaingia hata kwenye chumvi iliyofunikwa.
Kamba hukatikia pembamba; waya, penye kona.
Nikapaka grisi. Nikaandika tarehe kwa chaki ukutani.

Asubuhi Litunu akaja kumjaribu.
Akapanda naye hadi ukingoni, palepale.
Akavuta wenzo: kra, kra, kra, kra, kra.
Meno matano, aliyahesabu kwa sauti.
Akazima. Kaa akatulia tuli.
Kisha akainama, akatoa jiwe chini ya kiti,
akalisukuma kwa kisigino
kwenye gurudumu, upande wa bondeni.

Nikamwuliza, na hili la nini tena?

"Hili," akasema, "halijui kama injini imezimwa."