Swali la Kumi na Tisa

Sioux Falls, Februari. Theluji imeziba dirisha la jikoni.
Nimetoka zamu ya usiku, vidole bado vina ubaridi wa nyama,
na Wabiwa ananisubiri na kompyuta ya shule
kama karani wa kambi.

Mama, ulizaliwa lini?
Tarehe mosi Januari,
kama sisi sote tulioshuka na ndege ile.
Anacheka. Anaandika.
Ulisoma hadi wapi?
Hadi mlangoni mwa darasa la saba.
Hakuna kisanduku cha mlango, anasema.

Kisha la kumi na tisa: Familia ina shamba?

Lipo, mwanangu, kule milima ya Fizi,
migomba safu nane, kijito kikipita katikati.
Sijui nani anakula ndizi zake.
Niandike bei gani?
Kidole chake kikaning'inia juu ya kitufe
mpaka birika likapiga mluzi.
Sifuri, nikasema.
Sikujua sifuri ni nzito hivyo.

Aprili, barua. Ruzuku, si mkopo:
pesa isiyorudishwa. Nilimwambia alirudie neno hilo.
Kwetu anayeruzuku ni Mungu peke yake,
naye hajawahi kuniomba karatasi za kodi.

Zimepungua dola mia sita na arobaini.
Nimeshaomba Jumamosi mbili za ziada kiwandani.

Ila asubuhi, nikijilaza na pazia limefungwa,
naihesabu ile migomba, safu kwa safu.
Nane.
Bado nane.