Maotea

Mwenyekiti wa chama cha msingi aliniuliza
mbele za watu, kipaza sauti mkononi:
"Sista, si mlisema umekwisha?
Mbona umerudi?"

Nilitazama magunia.
Jibu nililokuwa nalo halikutosha kwenye kipaza sauti.
Nimekuja nalo nyumbani, Tandahimba imelala,
nalijaribu hapa, nyuma ya kadi za kliniki.

Tulipofunga mnada, tukafunga shule,
wanawali wakangoja unyago,
shanga zao zimefungwa kwenye leso,
Somoe akaacha kuuza togwa getini,
kila mgonjwa alikaa na homa yake chumbani
ikamwishia mwilini, haina pa kwenda.
Wagonjwa kumi wakazaa sita,
sita wakazaa watatu,
watatu wakazaa mmoja,
na huyo mmoja hakuja zahanati.
Nikaandika sifuri.
Niliiandika kwa mbwembwe, mviringo mzuri,
daktari wa wilaya akaipiga picha.

Ilikuwa sifuri ya wino.

Wewe una mikorosho, mwenyekiti.
Unajua ilivyo maua yanapochanua:
ubwiri unga unayapanda kama majivu ya jikoni,
nasi tunaamka kabla upepo haujaanza,
mashine mgongoni, tunapuliza salfa.
Ua likiwa safi mtu anasema basi,
mfuko uliobaki anamuuzia jirani.
Wiki tatu baadaye, maua meusi.
Unalaumu salfa, unamlaumu jirani,
unawalaumu watu wa ng'ambo ya Ruvuma,
wala hujainama chini ya mti
kuyaona yale maotea ya kivulini,
laini, mabichi, ambayo hakuna aliyeyakata.
Humo ndimo uliposubiri.

Huyo mmoja ambaye hakuja
alikuwa akikohoa kidogo. Kikohozi cha vumbi, alisema.
Simlaumu, alikuwa na ekari mbili za palizi.
Na sisi tuliojifungia vizuri
tulitoka na miili ileile tuliyoingia nayo,
haijawahi kukutana na huyu mgeni.
Kujificha hakukutukomaza. Kulituweka tu,
kama mbegu zinavyowekwa darini, juu ya moshi.

Kisha Oktoba. Mnada wa kwanza,
malori kutoka Mtwara mjini, wapagazi wa Masasi,
bei ikapanda shilingi mia mbili, watu wakakumbatiana.
Hata mimi. Nilimkumbatia Chipatanga
aliyenilipa deni la mwaka juzi.
Ndoo ya kunawia ikapata kazi ya kuchotea uraka.
Kipande cha sabuni kilibaki kikining'inia
kwenye kamba yake, kimepasuka kama kisigino.
Mmoja akawapa wawili,
wawili wakawapa wanne,
na daftari langu bado sifuri,
maana daftari husoma habari za wiki mbili nyuma.
Siku nilipoandika moja
huko nje walikuwa hamsini, uwanjani, ngoma imekolea.

Sisemi tungebaki tumefunga.
Nimeona sufuria za watu. Nimemwona mtoto wa Namkulya
akinywa uji wa muhogo asubuhi, mchana na jioni,
akiniuliza shule inafunguliwa lini
kwa sababu shuleni kuna maharage.
Mlango ulikuwa wa kufunguliwa.
Ila tungeufungua tukiwa na panga la kupogolea mkononi:
mnada leo, ngoma mwezi ujao,
sabuni mpya kwenye kamba,
na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza
nani humu anakohoa vumbi.

Ni jibu refu, na kipaza sauti
kimekwisharudishwa kwa mwenyewe.
Kesho nitakuja ghalani na daftari.
Ukurasa wa leo una majina kumi na manne.
La tisa ni la mtu wa nyumbani kwako.
Alipitia mlango wa nyuma.
Alisema ni vumbi tu.