Daftari la Kinyungu

Mimi ndiye mshika daftari.
Sikuchaguliwa kwa uaminifu, msinisifu bure:
nilichaguliwa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
hata na Eusebia aliyeishia darasa la pili,
na kwa kuwa nyumba yangu ina mlango wa bati.

Ukurasa wa kwanza. Juni, baridi ya kukata masikio.
Wanawake kumi na tisa, hisa mia tano mia tano,
debe la mahindi badala ya hisa kutoka kwa Leokadia,
na maneno mawili niliyoyapigia mstari:
milulu hakuna.

Mama zetu walishuka bondeni alfajiri
wakapanda na matita yanayodondosha maji njiani.
Jioni kikapu kilikuwa na kitako,
keshokutwa kilikuwa chumvi, sabuni, kaptura ya shule.
Sisi tulirithi vidole. Bonde hatukulirithi.
Bonde lilikuwa limejaa mikaratusi,
safu kwa safu, kila mmoja na mrija wake ardhini,
inakunywa usiku, inakunywa mchana,
hailewi.

Na mikaratusi ilikuwa na mwenyewe.
Mwenyewe ni kaka yangu.

Zakayo Luvanda si mtu mbaya.
Alipanda mwaka ule bei ya nguzo iliposifiwa redioni.
Alipanda ada ya Wende, chuo cha uuguzi,
alipanda bati, alipanda uzee wake.
Tulipomwendea na hoja ya chemchemi
alitukaribisha ulanzi, akatusikiliza hadi mwisho,
akauliza: "Maji yakirudi, yatamlipia mwanangu ada?"
Tuliaga.
Njiani kila mtu alitazama miguu yake.

Ukurasa wa saba nimeufutafuta hadi umetoboka.
Safu tatu zinazozunguka jicho la maji,
miti mia moja na arobaini,
kwa bei ya leo, si ya ndoto;
tumlipe kidogo kidogo kila mnada, miaka miwili,
magogo abaki nayo yeye.
Leokadia akasema, "Yaani tunanunua kivuli?"
Eusebia akasema, "Tunanunua kiu yao."

Zakayo alisaini kwa kalamu yangu.
Kisha akashika shoka mwenyewe,
hakutaka mkono wa mgeni uangushe ada ya mwanawe.
Mti wa kwanza ulipolala alikaa juu ya kisiki,
kofia mkononi, kama yuko msibani.
Nikaandika: mti mmoja.

Mwaka wa kwanza tulipata tope.
Wanne walijitoa, wakadai hisa zao, tukawapa.
Visiki vilichipua; tulivikata, vikachipua.
Tukapanda mivengi, miti isiyogombana na chemchemi,
mbuzi wa mtu nisiyemtaja wakala nusu.

Machi iliyofuata, mvua ilipokwisha kushika,
mtoto wa Eusebia alipanda mbio, kaptura imelowa,
hana pumzi, anasema chura, chura.
Tulishuka wote, watu wazima, na kazi zetu majumbani,
kwenda kumsikiliza chura.

Milulu imerudi, si yote.
Tunakata kwa zamu, Jumanne na Ijumaa, tukiacha mashina.
Anayekata nje ya zamu, faini elfu mbili.
Mimi nimelipa mara moja. Nilijiandika mwenyewe.

Jana mnunuzi kutoka mjini aligeuza kikapu changu juu chini,
akatafuta kasoro kwa ukucha,
akataja bei ya ndoo ya plastiki.
Nikakirudisha kwenye rundo.
Akaenda hadi kwenye gari. Akarudi.

Zakayo bado anatudai safu moja na nusu.
Wende yuko mwaka wa pili; sehemu ya ada yake
ilisukwa na watu asiowajua vidole.
Kaka hupita bondeni jioni, hasemi kitu.
Juzi nilimwona amechuchumaa kwenye jicho la maji.
Alinawa uso, akanawa tena,
akaondoka bila kujifuta.