Sekunde Tisini

Asubuhi ya Juni, Iyunga. Maji ya ndoo yanauma vidole
na kompyuta yetu inaamka kama mlevi wa jana:
feni inakohoa, taa ya kijani inapepesa,
kisha giza, na kimstari cheupe pembeni, kinawaka, kinazima.
Chai inachemka. Chai inanyweka. Kikombe kinaoshwa.
Giza bado.

Nilikwisha kulaumu vumbi. Nikaifungua, parafujo kwa parafujo,
nikakuta mende wawili wakavu na kishikizo cha shati la shule.
Nililaumu umri: giga mbili za kumbukumbu,
ambazo mwaka ule tuliponunua zilikuwa utajiri.
Nikalaumu hata baridi, nikaivika sweta langu la zamani;
feni ikalia mpaka nikaivua.

Fundi Mwasote, pale Mwanjelwa, hakuigusa.
"Linux?" akasema, kama daktari aliyeambiwa
mgonjwa amekuwa akinyweshwa majani.
"Toa hiyo, nikuwekee Windozi. Elfu ishirini."
Elfu ishirini ni mahindi ya nyumba nzima.
Nikarudi na ubishi wangu, huo ni wa bure.

Ipo amri, niliisoma usiku kwa bando la mia tano,
ambayo jina lake hasa ni kulaumu.
Unaiandika, mashine inataja majina
na muda ambao kila mmoja ameula.
Nikawaza: ingekuwepo amri hii kwenye vikao vya ukoo
tungemaliza kabla ubwabwa haujapoa.

Mtandao, sekunde nne. Sauti, mbili.
Printa, ambayo hatuna, sita.
Nikajumlisha kwa kalamu. Haikufika nusu dakika.
Mwenye kosa hakutajwa.
Kumbe ni kama kikaoni tu.

Basi nikaondoa lile pazia la picha
linaloficha maneno wakati mashine inaamka,
nikaiwasha, nikasoma gizani, mstari kwa mstari, mpaka ikasimama:
*inasubiri diski*, sekunde ya kumi na mbili kati ya tisini,
na jina la diski, refu kama tokeni ya Luku.

Nililijua. Si jina, pengo.
Lile tundu tupu chini ya feni, na waya wake unaoning'inia.
Anyosisye aliichomoa siku anahamia Tunduma,
akaitia kwenye soksi, soksi kwenye begi:
"Picha zangu zote zimo humu. Nitairudisha Pasaka."
Pasaka zimepita tatu.

Mama alikuwa mlangoni, na beseni la maharage.
"Sasa inangoja nini siku zote hizi?"
"Diski ya Anyosisye."
Akachambua jiwe moja, akalitupa uani. La pili.
"Basi ina haki," akasema.

Faili lenyewe ni dogo, mistari minne.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.
Sikubonyeza. Nikarudi mwanzo wa mstari
nikaweka alama ya reli,
hii hii tunayomalizia nayo tukiuliza salio.
Mashine ikiiona inauruka mstari, haiusomi,
na maneno yanabaki yalivyo, herufi kwa herufi.
Siku diski ikirudi unang'oa reli, basi.

Nikaiwasha. Sekunde thelathini na nane.
Chai haikuwa imetiwa hata majani.

"Umemfuta?"
"Hapana, mama. Nimeweka reli."
Hakuuliza ni reli gani. Huko chini stesheni
treni ya Tunduma ilipiga honi, imechelewa saa saba,
akageuka kidogo, kama anavyogeuka kila mara.

Kisha nikafungua kivinjari, kurasa mbili tu,
na feni ikaanza kukohoa upya.
Hiyo ya kesho.
Leo Jumamosi, shuka la kitanda cha Anyosisye lipo kambani,
limefuliwa, halijalaliwa,
na kwa ukungu huu halitakauka.