Msoma Kina

Zamu ya usiku, Kutaisi. Kitanda cha tatu,
karibu na dirisha linalopitisha baridi.
Jioni wamemtoa mfuko wa nyongo,
matundu manne, plasta nne,
na sasa anafungua jicho moja, analifunga,
kama mtu aliyechungulia nje akakuta mvua bado.

"Bibi Tsiala, roho inakuchafuka?"
Kichwa: ndiyo.
"Nipe namba. Sifuri, hakuna kitu.
Kumi, kibaya kuliko vyote ulivyowahi kuvijua."

Midomo mikavu, rangi ya nta.
"Sifuri yako," anasema, "umeipigilia wapi?"

Nadhani ni nusu kaputi inayosema.
Siyo. Miaka thelathini na mmoja
alishuka ngazi za mto Rioni, asubuhi na jioni,
kusoma ubao wenye mistari, theluji ikiyeyuka au isiyeyuke,
kuandika kina kwenye daftari, kupiga simu Tbilisi.
Na chini ya ubao, mwambani, msumari wa shaba.
Bila ule msumari, anasema, namba ni uvumi.

Naitazama chati. Kisanduku changu
kina upana wa ukucha.

Daktari Badri alikwisha kumhesabu kabla ya kisu:
mwanamke, havuti sigara,
hutapika basi likipanda milima ya Racha,
na akiamka atapewa mofini.
Nne kwa nne. Basi akaweka walinzi wawili,
dawa moja mwanzoni, nyingine mwishoni,
na bado kitu kimepita katikati yao.

Kinakuja. Nashika beseni, nashika paji la uso,
mkono wake umebana tumbo, umebana mishono.
Anakokomoka. Kijani. Tena. Kisha upepo mtupu.

Mililita themanini.
Hiyo najua kuiandika.
Ila saa nzima iliyotangulia,
mate yakimjaa, jasho juu ya mdomo,
shingo ikiogopa kugeuka,
saa ile haikumwagika ndani ya chombo chochote.

Nampigia Badri. Si dawa ile ile, anasema,
mlango uliofungwa haufungwi mara mbili.
Analeta ya tatu, ya aina nyingine, polepole ndani ya mshipa.
Nainua kichwa cha kitanda, kidogo, kidogo tena.
Napasua pakiti ya kitambaa cha spiriti
nakishika chini ya pua yake:
vuta kwa pua, toa kwa mdomo.

"Gongo la zabibu la kaka yangu," ananong'ona.
"Baya."
Nacheka mimi. Yeye ananikanya kwa kidole: mishono.

"Haya, Bibi. Tupigilie msumari.
Sifuri yako ni ipi?"

Anafikiri muda mrefu, nusura niende kitanda cha tano.
"Kunusa mkate," anasema,
"bila kugeuza uso."

Saa sita usiku: nane.
Saa sita na robo: nane. Usiniulize haraka hivyo, mto haupungui kwa kutazamwa.
Saa saba: tano.
Saa nane: "Tano. Maji yameshuka,
lakini bado ni machafu. Andika na hilo."
Hakuna mahali pa kuliandika. Naliandika pembeni,
kwa herufi za kubanana, *bado ni machafu*,
na asubuhi muuguzi mkuu ataniuliza.

Kijiko cha barafu. Kijiko kingine.
Analala mdomo wazi.

Alfajiri, ng'ambo ya barabara, wanafungua tanuri.
Ananiomba dirisha. Nafungua upana wa kiganja.
Harufu inaingia, imeiva, ina chumvi na moshi,
nami nasimama na kalamu
kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Uso haugeuki.
"Moja," anasema.

Nilitaka sifuri. Ameiona mashavuni mwangu.
"Binti," anasema, "msumari ni wa kupimia.
Sijawahi kuukuta mto pale."

Naandika moja. Naandika saa.
Nachukua beseni nikalioshe.